Baba aliniachia Ingwe, nami niko Leeds

Mzee wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, na nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami ningekuandikia, tena kwa jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni timu ya mpira, lakini kila ninapojaribu kulieleza huishia kumzungumzia baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa Vihiga na shabiki wa AFC Leopards, timu tunayoiita Ingwe, yaani chui, tangu siku ambazo timu hiyo iliitwa Abaluhya. Mama anatoka Siaya, na kaka zake wote ni wa timu pinzani, Gor Mahia. Kwa hiyo kwetu debi ya Mashemeji, yaani mechi ya timu hizo mbili, haikuwa jina la utani la magazetini. Ilikuwa ni baba na wajomba zangu wameketi sebuleni kwetu Kangemi, wamenuniana mbele ya redio, huku mama akiwapakulia wote ugali kutoka sufuria moja. Mwaka 1998, Leopards ilipotwaa ubingwa wa ligi, nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka baba akinibeba mabegani kutoka kituo cha matatu hadi nyumbani akiimba njia nzima. Mwaka uliofuata mama alipata kazi ya uuguzi huku, tukahama sote.

Baba alifanya kazi ya usiku katika bohari. Mwishoni mwa wiki alikuwa akinunua kadi ya simu ya pauni tano na kumpigia ndugu yake mdogo Nairobi, naye baba mdogo aliweka mkono wa simu kando ya redio. Tulisikiliza hivyo, baba na mimi, tumeinamisha vichwa juu ya simu moja, sauti ya mtangazaji ikija na kupotea, na mara nyingi kadi ikiisha kabla ya filimbi ya mwisho. Ndugu zangu hawakuwa na hamu ya mambo hayo. Nilikuwa mimi tu, na nadhani ndiyo maana jambo hili lilibaki kwangu.

Baba alifariki mwaka 2021, wakati safari zilikuwa bado na masharti mengi ya korona, na mazishi yake huko nyumbani niliyatazama kwenye skrini. Aliniachia kofia yake ya kufuma ya rangi ya buluu na nyeupe. Tangu siku hiyo nimeifuata Ingwe kuliko hata alipokuwa hai: natafuta matokeo kabla sijanywa chai, nalala vibaya ikipoteza, na kwa miaka miwili nilikuwa nikituma pauni 20 kila mwezi kwa mtu mmoja anayejiita mhazini wa tawi la mashabiki, ili zisaidie nauli za vijana wanaosafiri na timu. Sijawahi kuletewa hesabu ya fedha hizo hata mara moja.

Sasa yametokea mambo mawili. La kwanza ni kwamba miezi michache iliyopita, baada ya timu kufungwa mechi iliyokuwa yetu, niliandika katika kundi la WhatsApp la familia kwamba wachezaji hawa hawana aibu na kwamba baba angelia. Binamu yangu aliyeko Nairobi, ambaye haikosi mechi hata moja, alinijibu mbele ya watu wote: "Wewe umeshika bendera ya wenyewe. Mama yako ni Gor, nyumba yako iko Uingereza, na uwanjani hujaingia tangu ukiwa mtoto. Ingwe si timu ya watu wa mbali. Njoo ulipe kiingilio, ulowe mvua nasi, ndipo useme." Hakuna aliyenitetea. Nilitoka katika kundi hilo na sijarudi.

La pili ni mwanangu wa kiume, mwenye miaka 11. Nilimnunulia jezi ya Ingwe, akaivaa siku moja, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii ni timu ya babu. Yangu ni Leeds United." Bibi yake, mama yangu, alipolisikia hilo alicheka sana, na siku ya kuzaliwa kwake akamletea jezi ya kijani ya Gor Mahia. Mtoto aliipokea kwa adabu na kuikunja kabatini pamoja na ile ya kwanza.

Desemba ijayo tunakwenda nyumbani kwa kumbukumbu ya baba, na itakuwa mara ya kwanza kwa mwanangu kuiona Kenya. Nilikuwa na ndoto ya kumpeleka uwanjani kutazama debi, lakini mama anasema ni hatari, na mimi mwenyewe sasa sijui kama nina haki ya kuketi miongoni mwa mashabiki hao. Je, nimejidanganya miaka yote hii? Je, niache yaishe na baba?

Wako,
Binti wa Ingwe, Leeds


Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya mwisho nilimsomea mke wangu kwa sauti. Kabla sijasema lolote ni haki ujue unazungumza na nani. Mimi ni mtu wa Gor Mahia. Nilikulia upande wa kijani, na mwaka 1987, tulipotoka sare ya mabao 2-2 na Esperance mjini Tunis kisha 1-1 hapa Nairobi na kulichukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, nililia hadharani kama mtoto. Lakini mke wangu ni wa Kakamega, shemeji zangu wote ni Ingwe, na kwa zaidi ya miaka 30 kila debi imenikuta nimeketi katikati yao. Kwa hiyo sina sababu ya kuitetea timu yenu. Ninayemtetea hapa ni wewe, pamoja na baba yako.

Nianze na neno la binamu yako, kwa kuwa ndilo lililokuchoma. Alisema Ingwe si timu ya watu wa mbali. Siku mtakapozungumza, muulize kwa upole timu hiyo iliundwa na nani na wapi. Watu waliokaa mwaka 1964 wakaunganisha timu ndogo ndogo za Marama, Bunyore, Kisa, Tiriki, Samia na nyinginezo ili kupata Abaluhya United hawakukutana Kakamega wala Vihiga. Walikutana Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka makwao. Walikuwa makarani, mafundi wa reli, wapishi, walinzi na vibarua, watu waliopanga vyumba Kaloleni na Makongeni, wakawaacha wake zao na mashamba yao nyuma, na wengi wao wakaonana na wazazi wao mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Jumamosi walipokwenda uwanja wa Jogoo Road, ule tunaouita City Stadium, walikwenda kusikia lugha yao, kupata habari za nani amefiwa na nani ameoa, na kumwona kijana wa kijiji jirani akimpiga chenga mtu wa mjini. Timu hiyo tangu mwanzo ilikuwa njia ya watu walio mbali kuendelea kuwa wa kwao. Sisi wa Luo Union na baadaye Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, tulikuwa vivyo hivyo. Tofauti ilikuwa njia ya kurudi nyumbani tu.

Ukilitazama hivyo, baba yako aliyeinamia simu huko Leeds alikuwa akifanya jambo lile lile lililofanywa na wazee wa 1964, isipokuwa yeye alikwenda kituo cha mbali zaidi. Nawe uliyeinamisha kichwa karibu naye ulikuwa uwanjani, binti yangu. Mashabiki wa umri wangu wengi tulianzia hapo hapo penye redio. Sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ikisema "Kadenge na mpira" iliwafanya watu ambao hawakuwahi kukanyaga Nairobi wamjue mchezaji Joe Kadenge, mtoto wa Vihiga kama baba yako, kana kwamba walikula naye. Hakuna aliyewaambia watu wale kuwa wameshika bendera ya wenyewe kwa sababu walikuwa Mumias au Eldoret wamezunguka redio ya mkulima mmoja.

Kuhusu mama yako kuwa wa upande wetu, hilo halikupunguzii kitu. Jina la Mashemeji limekuja kwa sababu hiyo hiyo: tumeoana mno, na watoto wengi wanaoingia Nyayo siku ya debi wana mjomba upande wa pili wa uwanja. Zaidi ya hayo, jina la kabila lenyewe liliondolewa mwaka 1980, wakati serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, na timu ikaitwa kwa jina la chui. Miaka iliyofuata, 1982, 1983 na 1984, chui huyo alitwaa Kombe la Vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, na kikosi kilichoyafanya hayo kilikuwa na wana wa pande nyingi za nchi. Kipa wake alikuwa Mahmoud Abbas, ambaye kila Mkenya wa rika langu anamjua kwa jina la Kenya One. Nayasema haya kwa uchungu kidogo, maana mimi nilikuwa upande uliofungwa.

Hata hivyo, yapo maneno ya binamu yako ambayo sitaweza kuyakataa kwa ajili yako. Uliandika kwamba wachezaji hawana aibu. Uliandika hivyo ukiwa katika chumba chenye joto, na yeye aliyasoma akiwa amerudi uwanjani ameloa. Mtu wa uwanjani huwaona vijana hawa kwa sura. Anajua nani anapanda matatu pamoja naye baada ya mechi kwa kuwa mshahara umechelewa, na anakumbuka mwaka 2019, mdhamini mkuu wa vilabu vyetu vyote viwili alipojiondoa kwa ghafla na wachezaji wakapitia miezi ya taabu ambayo haikusomeka katika matokeo ya Jumapili. Shabiki aliye mbali huyapata mabao, lakini mengine yote hayamfikii. Kwa hiyo, ingawa binamu yako alikosea kukunyang'anya timu, hakukosea kukasirika. Wewe pia ulipolitumia jina la marehemu kuwapiga nalo vijana hao, ulilitumia vibaya. Naamini baba yako angelia, ndiyo, lakini kisha angenunua kadi nyingine.

Usimjibu katika kundi. Watu wetu wakishaanza kujibizana mbele ya hadhira hawawezi tena kurudi nyuma bila kuonekana wameshindwa. Mpigie simu peke yake. Mwambie kwamba neno lako kuhusu wachezaji lilikuwa kali na unalirudisha, kisha mwambie kwamba neno lake kuhusu mama yako lilikuumiza, na umwache anyamaze akitaka kunyamaza. Baada ya hapo muombe jambo moja la mikono: akutafutie tiketi Desemba na mkae jukwaa moja. Mtu anayempenda chui kiasi cha kuloa mvua hawezi kumkatalia binti ya ami yake aliyetoka Uingereza na kofia ya baba yake. Akikataa, bado una baba mdogo, na ukweli ni kwamba baba mdogo ndiye hasa wa kuingia naye uwanjani.

Nije kwa fedha, ambazo nitazieleza kwa kifupi kwa kuwa jawabu lake halina utata. Acha kutuma leo. Muandikie huyo anayejiita mhazini umuombe hesabu ya miaka miwili kwa maandishi, bila matusi na bila kumtangaza, na kama hakujibu ndani ya mwezi mmoja, uhesabu pauni zako 480 kuwa zimepotea na usizifuate kwa moyo. AFC Leopards ni klabu ya wanachama. Mwanachama aliyelipa ada huwachagua viongozi. Jiandikishe moja kwa moja katika klabu yenyewe, udai risiti, na mchango wako upitie humo au kwa kununua jezi halali. Mtu wa mbali mwenye kadi ya uanachama ana sauti ambayo mtu wa mbali mwenye hasira za WhatsApp hana.

Sasa mwanao, ambaye nilimpenda niliposoma kwamba amezikunja jezi zote mbili kabatini. Mtoto huyo ana adabu, na alichokuambia ni kweli tupu: Ingwe ni timu ya babu na Leeds United ni yake. Usilione hilo kuwa msiba. Yeye ni mtoto wa Leeds. Anasikia kelele za uwanja wa Elland Road siku za mechi, marafiki zake wa shule wanaongea habari hizo Jumatatu, na kuipenda timu ya mtaa anaoishi ni jambo sawa kabisa na walilofanya watoto wa Kaloleni miaka ya sitini. Ukimlazimisha kuchagua, atachagua kilicho karibu, kisha kila mara atakapoiona rangi ya buluu na nyeupe atakumbuka ugomvi na mama yake. Sioni kwa nini asiwe na mbili. Mji wenu wenyewe una mfano: Lucas Radebe alitoka Kaizer Chiefs ya Soweto mwaka 1994, akawa nahodha wa Leeds, na watu wa huko wanamheshimu mpaka leo bila kumtaka aikane Soweto.

Nadhani kosa lako dogo lilikuwa kuanza na jezi. Jezi humwambia mtoto awe nani kabla hajajua kwa nini, na klabu ambayo ubingwa wake wa mwisho ni wa mwaka 1998 haiwezi kumvuta mtoto wa miaka 11 kwa vikombe. Hata lile kombe la Shield la 2017 lilimpita akiwa anajifunza kuongea. Mvute kwa watu. Mwonyeshe kwanza bao la Victor Wanyama, akiwa Celtic, dhidi ya Barcelona mwezi Novemba 2012. Mwache alitazame, kisha umwambie kwamba baba wa kijana huyu, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, timu ya babu, na kwamba ndugu yake McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Victor mwenyewe alipita Leopards akiwa kijana mdogo kabla ya kwenda Ulaya, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Kisha mruhusu bibi yake naye aseme, kwa maana ana hadithi nzuri pia, na hapa niwie radhi nikijisifia upande wangu. Nahodha wetu wa mwaka 1987 alikuwa Austin Oduor. Mdogo wake, Mike Okoth, alikwenda kucheza Ubelgiji, na huko Ostend akazaliwa Divock Origi, mtoto ambaye hakulelewa Kenya na aliichezea Ubelgiji, lakini ambaye baba yake mkubwa alilinyanyua kombe letu. Tarehe 1 Juni 2019, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Madrid, Origi aliifungia Liverpool bao la pili dhidi ya Tottenham, na Wanyama alikuwa mchezaji wa Tottenham msimu huo. Siku hiyo nyumbani kwangu tulikuwa kumi na mmoja sebuleni, nusu Gor na nusu Ingwe, na hakuna hata mmoja aliyeiita mechi ile Liverpool na Tottenham. Shemeji yangu mkubwa alikuja na shali ya buluu, ingawa Tottenham huvaa nyeupe. Mweleze mwanao hilo, kwamba watu wazima huko Nairobi walitazama fainali ya Ulaya wakihesabu koo, na nina hakika atakuuliza swali la pili. Ukishaulizwa swali la pili, kazi yako imeanza vizuri.

Mechi za alasiri hapa kwetu mara nyingi huanza saa tisa, ambayo kwenu wakati wa baridi ni saa sita mchana na wakati wa kiangazi ni saa saba. Ni saa nzuri ya chakula. Siku ya debi mwite mama yako, pikeni, keti nao, na umpe mtoto nafasi ya kukaa popote kati yenu au kutoka nje kucheza akichoka. Sebule ya Kangemi unayoikumbuka haikutengenezwa na mtu yeyote kwa mpango. Ilitokea kwa sababu watu walikaa pamoja mara nyingi.

Kuhusu uwanjani Desemba, mama yako ana hoja na sitamdharau. Debi zetu nyingi huisha salama, lakini si zote. Mwezi Machi 2012 mechi ilisimama kwa muda kutokana na vurugu, na lawama kubwa ilikuwa ya upande wangu, jambo ambalo linanitia uchungu hadi leo. Ushauri wangu ni kwamba mechi ya kwanza ya mtoto huyo isiwe debi. Chagua mechi ya kawaida ya Ingwe, jukwaa kuu lenye paa, mfike mapema saa moja na nusu kabla ya mchezo, na jezi zibaki ndani ya mfuko hadi mtakapofika langoni. Ratiba ya ligi yetu hubadilika, na viwanja pia, wakati mwingine zikiwa zimebaki siku chache tu; kwa hiyo panga kukaa Nairobi mwisho wa wiki mara mbili, moja kabla ya kwenda Vihiga na nyingine baada ya kurudi, ili mkikosa moja mpate nyingine.

Sababu ya kufika mapema si usalama peke yake. Kabla ya mechi, nje ya lango, utawakuta wapigaji wa isukuti. Shemeji yangu ni mmoja wao. Huzipanga ngoma zake tatu juani, kubwa, ya kati na ndogo, ngozi ya kenge ikielekea jua, na kila baada ya dakika chache huinama na kuigonga kila moja kwa kidole akisikiliza kama imekaza. Watoto humzunguka, naye huwa hawafukuzi. Hizo ni ngoma za Isukha na Idakho, zinazopigwa mtoto anapozaliwa, bibi harusi anapotolewa na mzee anapozikwa, na tangu mwaka 2014 UNESCO imeziweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mwanao atazisikia tena siku chache baadaye katika kumbukumbu ya babu yake, kama familia yenu inazitumia. Ningependa azisikie kwanza kwa furaha, kabla hajazisikia kwenye kaburi la mtu asiyemkumbuka vizuri.

Kofia ya baba usimvike mtoto. Ivae wewe. Hukumzika baba yako kwa macho yako, na naona katika barua yako kwamba mengi unayoyaita mapenzi ya timu ni kilio ambacho hakikupata mahali pa kukaa. Hilo halifanyi ushabiki wako kuwa wa uongo hata kidogo, lakini linaeleza kwa nini kila kipigo cha Jumapili kinakuondolea usingizi. Nenda kaburini kwanza, ukae huko muda unaotaka, na matokeo ya mechi yoyote ile yasubiri.

Kabla ya hayo yote, na kabla hujampigia binamu, mpigie baba mdogo wako. Mwambie ulichoniandikia kuhusu mkono wa simu na redio, kwa kuwa inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyewahi kumshukuru. Mweke mwanao karibu asikie. Muulize kama ile redio bado ipo.